Mota kwa Mguu wa Mama

Bosi alikuwa na rula ya mbao iliyochakaa mpaka namba zake zote zikafutika. Hakuitumia kupimia urefu. Aliitumia kuhukumu. Aliilaza kandokando ya mshono, akakusanya sketi yake, akainama, akafumba jicho moja, na kama uzi ulijificha chini ya rula halafu ukachungulia tena mbele, alikuwa na neno lake moja tu.

"Huu umelewa."

Siku hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka la ushonaji, hotipoti ya chakula cha mchana mkononi, na mshono aliokuwa akiusema ulikuwa wa mama yangu.

Vyerehani vyote vilinyamaza. Spika, fundi aliyekaa karibu na mlango na aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na mahali pa kuuzimia, alinyoosha shingo kuliangalia lile joho jeusi juu ya meza ya kukatia.

"Bosi, huo haujalewa," alisema. "Umeonja tu."

Watu walicheka kidogo. Mama naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilichoniumiza, maana kilitoka kabla ya uso wake kuwa tayari.

"Mimi si mtu mbaya," Bosi alimwambia. "Wewe unajua. Lakini haya ni majoho ya mahafali. Kitambaa cheusi, uzi mweusi, na kona yako nyeusi kuliko vyote viwili. Wiki ijayo nitapima tena. Ukinyoosha, unabaki kwenye cherehani chako. Usiponyoosha, atakaa mwingine, wewe utahamia meza ya vifungo."

"Sawa, Bosi," mama akasema, akapokea hotipoti kwangu kana kwamba hicho ndicho kitu pekee kilichotokea.

Duka lenyewe lilikuwa refu na jembamba kama korido. Mlangoni palitosha meza ya kukatia na cherehani cha Spika, kwa kuwa yeye ndiye aliyepokea wateja na maneno yake yalikuwa nusu ya biashara. Kadiri ulivyoingia ndani, mwanga ulipungua, na mama alikuwa wa mwisho kabisa, chini ya ngazi inayopanda ghorofani. Umeme ulikatika karibu kila siku, tena mchana, wakati wa kazi. Aliwahi kununua taa ya kuchaji. Lakini taa ya kuchaji inataka umeme wa kuichaji, na umeme wenyewe ndio huo uliokuwa haupo, dukani mchana wala nyumbani usiku. Ikawa imelala juu ya rafu yake kama mgonjwa aliyesahauliwa wodini. Aliwahi kujifunga tochi kwenye paji la uso. Spika akamuuliza kama machimboni wamepata dhahabu, na tochi ikavuliwa siku ileile.

Jioni tulirudi nyumbani pamoja. Mama hakulalamika. Alisema, "Vifungo si kazi mbaya. Unakaa, unazungumza na watu, mguu unapumzika." Mama yangu akiwa na huzuni huwa anasifia vitu. Alipofiwa na baba alisifia sana mvua ya mwaka ule. Kwa hiyo nilipomsikia anavisifia vifungo, nilijua kidonda kimefika wapi. Kile cherehani ndicho kilichonisomesha. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, fani ya umeme, na nilikuwa bado natafuta kazi. Cheti changu chote, ukikichana, ungekuta uzi wake.

Kesho yake nilikwenda naye dukani, nikakaa kwenye stuli karibu na magoti yake. Sikuwa na la kufanya, basi niliangalia. Chini ya meza ya cherehani kuna gurudumu kubwa la chuma. Mguu ukikanyaga, gurudumu linazunguka, mkanda unapanda juu, sindano inacheza. Mguu wa mama ulikuwa ukikanyaga tangu asubuhi, taratibu, bila haraka, kama mtu anayebembeleza mtoto. Na nguvu yote hiyo ilipita mbele ya macho yangu gizani.

Nikajiambia, hapo katikati, nikiomba kidogo tu?

Chuoni tulifundishwa kwamba mota na jenereta ni kitu kimoja. Ukiilisha umeme inazunguka. Ukiizungusha inakupa umeme. Sikuhitaji umeme mwingi. Taa ya mama haikuwa na kazi ya kuangaza duka. Ilikuwa na kazi ya kuangaza mahali penye upana wa kiganja, pale chini ya sindano. Volti chache zingetosha. Swali lilikuwa ni mota ipi.

Mtaa wa nyuma kulikuwa na banda la spea lililoitwa Mochari, kwa kuwa kila kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimekufa: redio, feni, pikipiki, printa, pasi. Mwenyewe naye watu walimwita Mochari, akaitika. Nilisimama pembeni nikangoja wateja wengine wote waishe, na walipoisha wakaja wengine, nikangoja tena.

"Dada," Mochari aliniita hatimaye, "umekuja kutambua mwili?"

Nilimweleza kwa sauti ndogo. Akasikiliza akiwa ameshika kichwa cha feni kifuani. Kisha akaingia ndani, akarudi ameinama kwa uzito, akatua altaneta ya lori mbele yangu.

"Hii," alisema, "inawasha mtaa mzima."

"Kaka, mama anashona. Hasafirishi mbao."

"Kubwa ni kubwa tu. Ukiwa na kubwa, ndogo unaipata humohumo."

Nilikuwa nimekuja na kitaa kidogo cha LED, kama punje ya mahindi, nilichokilehemu kwenye nyaya mbili. Nilimwomba aniruhusu nijaribu. Nikashikisha nyaya, nikazungusha altaneta kwa vidole. Giza. Nikamweleza kwamba altaneta ya namna ile haianzi kutoa umeme mpaka ipewe kwanza kidogo kutoka kwenye betri, tena inataka kuzungushwa kwa kasi ya injini.

Mochari alijishika kiuno. "Yaani inakopa kabla ya kutoa?"

"Ndiyo, kaka."

"Kumbe nimekaa na shemeji yangu humu ndani siku zote sikujua!"

Waliokuwa karibu wakacheka, wakasogea. Kuanzia hapo ikawa mchezo. Mochari alileta maiti moja baada ya nyingine, mimi nikazungusha kwa vidole, watu wakainama kuangalia kitaa. Mota ya waipa ya gari ilikataa hata kusogea. Ina gia ndani inayokubali kuzungushwa kutoka upande wa mota tu, ukianzia upande wa pili inajifunga. Mota ya gari la kuchezea ilizunguka vizuri, laini kama siagi, na haikutoa chochote. Ile inataka kukimbia kama nyuki ndipo itoe kitu. Dinamo ya baiskeli ilikitekenya kitaa kidogo, kikafumbua jicho hafifu kikafumba.

"Hiyo! Hiyo!" wakapiga kelele.

Nilitamani iwe hiyo, kwa sababu ya furaha yao. Lakini dinamo ile inataka mwendo wa baiskeli inayoteremka, na gurudumu la cherehani linatembea kama bibi anayetoka msalani. Taa ingekuwa inasinzia kutwa.

"Nionyeshe printa," nikasema.

"Printa? Printa inaandika, dada."

"Inavuta karatasi polepole, kidogokidogo, inasimama, inavuta tena. Mota yake imezoea mwendo wa taratibu."

Akaifungua kwa bisibisi kifuani pake kama daktari mpasuaji. Zilitoka mota mbili. Ndogo ilikuwa ikisukuma kichwa cha wino kwenda na kurudi, na kubwa zaidi ilikuwa ikivuta karatasi. Niliishika ile ndogo. Ukiizungusha unahisi vijimeno, kama unapitisha kucha kwenye kitana. Nikashikisha nyaya, nikaipa msokoto mmoja wa vidole viwili.

Kitaa kiliwaka. Hakikufumbua jicho tu. Kiliwaka cheupe, kikamulika pua ya Mochari.

Watu walishangilia kama timu imefunga. Mochari aliinyanyua printa tupu juu. "Amefufuka!" akapaza sauti. "Kutoka mochari yangu, kwa mara ya kwanza!"

Nikaijaribu na ile kubwa. Iliwaka zaidi, lakini ilikuwa nzito vidoleni, vijimeno vyake vilikuwa vigumu. Nikafikiria goti la kulia la mama, lile analolikanda jioni kwa maji ya moto. Nikachukua ndogo. Mochari akanisukumia zote mbili, akasema ndugu hawatenganishwi.

Kuifunga kwenye cherehani haikuwa kazi nyepesi, kwa sababu mwenye cherehani alikuwa amesimama juu ya kichwa changu.

"Usinitobolee chuma changu."

"Sitoboi, mama."

"Na gundi sitaki."

"Situmii gundi."

Niliikamata mota kwa kibano kwenye mguu wa meza, nikaivalisha ile roli ya mpira ya printa yenyewe, iliyokatwa kipande, na springi ikaibana roli iguse ukingo wa gurudumu kubwa. Gurudumu likizunguka mara moja, roli inazunguka mara nyingi. Nyaya zikapanda hadi kwenye vitaa vitatu juu ya sindano.

Mama akakanyaga. Kona ile chini ya ngazi, ambayo tangu duka lijengwe haikuwahi kuona mwanga wake yenyewe, ikapata duara jeupe. Mama alivuta pumzi. Spika aliacha mteja akiwa na mkanda wa kupimia shingoni, akaja mbio.

"Jamani! Dada yetu anakanyaga taa!"

Kila mtu alitaka kuona. Nami nilisimama pale nikiona aibu na raha kwa pamoja, nisijue mikono yangu niiweke wapi.

Mama alisema, "Nzuri sana, mwanangu. Nzuri sana."

Ilinichukua mpaka mchana kuelewa kwamba alikuwa anasifia.

Nilikaa tena kwenye stuli nikamwangalia, safari hii si mguu, bali shingo. Sindano ikikimbia, shingo ya mama ilikuwa imenyooka. Mkono wake unajua njia. Angeweza kushona mstari ulionyooka akiwa anazungumza na mtu. Alipoinama, akakunja uso, akasogeza pua na miwani yake karibu na kitambaa, ni pale mguu uliposimama: anapotunga uzi, anapolinganisha kola na shingo ya joho, anapofumua mshono uliokosewa. Na mguu ukisimama, taa inazimika. Nilikuwa nimempa mwanga wakati asiouhitaji, nikamnyang'anya wakati anaouhitaji. Mara nyingine nilimwona akikanyaga hewani, mkanda ameuvua, ili apate tu mwanga wa kutunga uzi, sindano mkono mmoja, uzi mkono wa pili, mguu ukihangaika chini kama wa mtu anayeogelea.

Umeme ulitakiwa utunzwe. Nikanyanyua macho kwenye rafu, na yule mgonjwa wa wodini, taa ya kuchaji, alikuwa ananitazama.

Ndani ya taa ile kuna betri ndogo. Nikaitundika taa mahali pa vile vitaa vitatu, nikaunganisha nyaya za mota kwenye betri hiyo, katikati nikaweka diodi, vijidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kama mlango wenye kitasa upande wa nje peke yake, ili betri isirudishe umeme kwenye mota. Mama akakanyaga siku nzima. Jioni nikapima kwa mita. Betri ilikuwa tupu vilevile.

Nilijua kosa kabla sijaweka mita chini. Ili umeme uingie kwenye betri, nguvu yake ya kusukuma lazima iizidi ile ya betri yenyewe, la sivyo ni kama kumimina maji kwenye mtungi uliokaa juu kuliko ndoo yako. Mota ndogo iliweza kuwasha vitaa. Haikuweza kupanda huko juu. Ile kubwa ingeweza.

"Na kwa nini hukuweka kubwa?" mama aliuliza. Tulikuwa tumebaki wawili dukani, Bosi akifunga madirisha ya mbele.

"Ni nzito, mama. Goti lako."

Aliliangalia goti lile. Kisha akalisukuma kanyagio kwa kisigino, gurudumu likafanya nusu mzunguko, likasimama.

"Mwanangu," alisema, "mguu huu ulikanyaga ukiwa wewe uko tumboni, na hukuwa mwepesi. Ulikanyaga wewe ukiwa na surua, umelala hapo chini kwenye vipande vya vitambaa. Ulikanyaga mpaka wewe ukaenda chuo. Leo utakuja kushindwa na kidude kilichokuwa kinavuta karatasi?"

"Nilitaka usiumie."

"Najua. Ulinipimia kwa huruma. Sasa nipimie kwa kazi."

Nikafungua kibano hapohapo, Bosi akitugongea funguo mlangoni ili tuharakishe.

Mota kubwa haikumpokea mama kwa adabu. Asubuhi ya kwanza, kila alipoanza kukanyaga, gurudumu lilikataa, likarudi kinyumenyume, uzi ukakatika. Spika akatangaza kwamba dada yao amenunua punda. Mama akatunga uzi upya. Akajaribu kulisaidia gurudumu la juu kwa kiganja, akalisukuma kidogo mbele kabla mguu haujaanza, kama mtu anayemsukuma mwenzake mgongoni kumwambia haya, twende. Kufikia saa ya chakula, kiganja na mguu vilikuwa vimeelewana. Kile kigugumizi cha vijimeno kikageuka mngurumo mdogo, wa chini, kama paka aliyeshiba.

Jioni nikapima. Mshale wa mita ulikuwa umepanda. Nikapima tena, kwa kuwa sikujiamini. Ulikuwa palepale juu. Nikazima, nikawasha, taa iliwaka mguu ukiwa umetulia kabisa sakafuni. Mama akachukua sindano na uzi mweusi, akautunga mara moja, bila kuulamba, bila kukunja uso. Akanionyesha sindano ile kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua mwenyewe.

Hakusema ni nzuri. Alisema, "Lete joho."

Siku ya kupima, anga lilifunga tangu asubuhi. Mawingu yalishuka mpaka juu ya paa za mtaa, na kabla ya adhuhuri umeme ukakatika. Vyerehani vilisimama kimoja baada ya kingine. Mafundi walinyanyuka, wakanyoosha migongo, wakasogea mlangoni kutafuta mwanga uliobaki kama kuku kwenye mwanya wa banda. Hata Spika alishika kitambaa chake kukielekeza barabarani, kisha akakiweka chini.

"Leo basi," akasema. "Hata kidole changu sikioni, nitakishonea ndani."

Ndipo watu wakausikia. Nyuma kabisa, chini ya ngazi, mngurumo wa paka. Wakageuka.

Duka lote lilikuwa giza, na mwisho wa giza hilo palikuwa na duara la mwanga lenye upana wa kiganja, na ndani yake mikono miwili ikisukuma kola nyeusi chini ya sindano. Mguu ukasimama. Mwanga ukabaki. Mikono ikageuza kitambaa, ikalinganisha, ikabana. Mguu ukaanza tena.

Bosi alipita katikati ya vyerehani vilivyonyamaza, rula kwapani. Sisi sote tulimfuata. Mama alimaliza mshono, akakata uzi, akampa joho.

Bosi alilaza rula. Akainama kwenye ule ule mwanga, akafumba jicho moja. Akaihamisha rula kwenye bega. Akaihamisha kwenye mkono. Akaligeuza joho upande wa ndani, ambako mafundi wengi huficha dhambi zao, akapima huko pia. Kisha akalichukua joho mpaka mlangoni, akaliangalia kwa mwanga wa mawingu, kana kwamba taa yetu ingeweza kumdanganya. Akarudi.

"Huu," alisema, akangoja kidogo, na nadhani alikifurahia kile kimya, "haujawahi hata kupita karibu na baa."

Kelele zilizopigwa pale zilimfanya mtu wa ghorofani achungulie ngazini. Spika alimkumbatia mama, mkanda wake wa kupimia ukawafunga wote wawili. Bosi aliinua mkono kutaka utulivu.

"Majoho meusi yote yahamie kwake. Spika, wewe utamkatia."

"Namkatia, Bosi. Hata kucha namkatia."

Kisha Bosi akanigeukia. Hakuwahi kuzungumza nami zaidi ya salamu. Alichuchumaa, yeye na sketi yake ya heshima, akaiangalia roli ikigusa gurudumu, kibano, nyaya, taa ya zamani iliyofufuka.

"Unaweza kuweka kwenye vyote?"

Nilitaka kusema nitajaribu. Nilimtazama mama, naye alinitazama juu ya miwani yake, na macho yale yalisema jibu la kazi, si la huruma.

"Naweza," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyozoea. "Ila lazima nimwangalie kila fundi mguu wake kwanza. Hawakanyagi sawa."

"Anza na wangu!" Spika akadakia. "Mguu wangu una kipaji."

Siku hiyohiyo nilikwenda Mochari. Sikusimama pembeni. Nilimwuliza ana printa ngapi zilizokufa, akaniambia ni nyingi kuliko za hai mjini, nikamwambia azitenge zote.

Niliporudi na mzigo wa kwanza, mafundi walikuwa wamezunguka cherehani cha mama, wanangoja zamu ya kutunga uzi chini ya taa yake, naye akiwasogezea mwanga bila kuacha kazi. Nilikuwa sijatua hata mfuko pale umeme uliporudi. Balbu za dukani ziliwaka kwa pamoja, mtaa mzima ukashangilia, redio za majirani zikaanza kuimba, mafundi wakakimbilia vitini.

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa katikati ya kola, mguu ukienda, na hakuwa na habari kwamba umeme ulikuwa umerudi.